Kisipotee kitu

Bwana asifiwe wapendwa. Wiki hii nimekaa na Yohana 6:12, mstari ambao huwa tunaupita haraka kwa sababu muujiza umeshaisha, watu wameshiba, na Yesu anawaambia wanafunzi "Kusanyeni vipande vilivyosalia, kisipotee kitu chochote." Kinachonishangaza ni nani anayesema. Huyu ametoka kulisha wanaume elfu tano kwa mikate mitano, mkate kwake sio shida kabisa, lakini makombo ya shayiri, chakula cha maskini hicho, anataka yaokotwe.

Sasa tuseme ukweli, kupoteza kuna faida. Kitu kikiharibika mapema kinanunuliwa kingine, kiwanda kinazunguka, watu wanapata mishahara, na rafu iliyojaa mpaka saa ya kufunga inavuta wateja. Mwaka 1924 makampuni makubwa ya balbu yalikutana Geneva na kwenye mapatano yao balbu ikawekewa kikomo cha saa 1,000, wakati walishajua kutengeneza zinazodumu zaidi, na kampuni ambayo balbu zake zilidumu kupita kiasi ilipigwa faini! Yaani faini kwa kazi nzuri. Waliuza kweli, sibishi. Ila kila balbu iliyoungua mapema kuna mtu aliingiza tena mkono mfukoni, so ile faida haikudondoka toka mbinguni, ilitolewa kwa huyu ikapelekwa kwa yule.

Hapo ndo hesabu inaponigomea. Kwenye chakula ndo usiseme, Umoja wa Mataifa walikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05, madukani, hotelini na majumbani kwetu (tena majumbani ndo zaidi, kwa hiyo tusiwanyooshee wenzetu tu kidole). Na kuna kutupa, halafu kuna kuharibu kabisa, mkate mzima unamwagiwa dawa ya kusafishia ndani ya pipa ili asiokote mtu, eti akila bure hatanunua. Ufaransa ilibidi watunge sheria mwaka 2016 kuzikataza supamaketi kubwa kufanya hivyo. Mi huwa namfikiria yule kijana anayetumwa kumwaga, chupa mkononi, mkate bado laini. Bosi wake kwenye vitabu ameandika hasara ndogo tu. Yule kijana sijui anaandika nini moyoni.

Vile vikapu 12 vilivyojaa vipande vilivyookotwa, Yohana hasemi vilienda wapi. Nimerudia sura yote, jioni wanafunzi wanashuka baharini, wanapanda chomboni, vikapu havitajwi tena. Mi nahisi kuna watu waliondoka navyo.