Nyuma ya Sahani: Safari ya Stoke-on-Trent

Mkusanyaji wa vyombo vya kale vya Kiingereza hukisoma chombo kuanzia upande wa chini, nami nilikuwa nimekwisha kuzisoma chapa nyingi kabla sijakanyaga mahali zilikotoka. Stoke-on-Trent, mji ulioko baina ya Birmingham na Manchester, si miongoni mwa miji ambayo wageni huikimbilia, lakini kwa mtu anayependa mabuli ya zamani na makombe yenye nakshi za buluu hauna mwenziwe. Treni itokayo kituo cha Euston, London, hufika huko kwa muda wa saa moja na nusu hivi, na mtu akitoka tu nje ya kituo anakutana na sanamu ya Josiah Wedgwood, iliyosimamishwa mwaka 1863. Shangazi yangu, anayeishi Leicester na ambaye alikuja kunipokea ili tuzunguke pamoja, aliitazama kwa muda mrefu kisha akauliza ni mfinyanzi gani huyo hata akajengewa sanamu kana kwamba ni jemadari.

"Subiri, shangazi. Tukimaliza kuzunguka utaniambia wewe," nilimjibu.

Mji wenyewe ni miji sita iliyounganishwa mwaka 1910: Tunstall, Burslem, Hanley, Stoke, Fenton na Longton. Ufinyanzi ulishika mizizi hapo kwa sababu udongo na makaa ya mawe vilichimbwa mahali pamoja. Udongo wa huko, hata hivyo, ukichomwa hutoa chombo chekundu au cha kahawia, na wanunuzi wa karne ya 18 walitaka weupe wa Kichina. Udongo mweupe ulipatikana Cornwall, mbali kusini-magharibi, ukaletwa kwa merikebu na kisha kwa mfereji wa Trent na Mersey, uliokamilika mwaka 1777, ambao Wedgwood alikuwa mmoja wa waliousukuma kwa nguvu zote. Mfereji huo huo ulivichukua vyombo vilivyokwisha tengenezwa hadi bandarini, navyo vikapona misukosuko ya barabara mbovu iliyokuwa ikivivunja juu ya migongo ya farasi.

Tulianzia Longton, katika makumbusho ya Gladstone, kiwanda cha zamani ambacho bado kina majoko yake yenye umbo la chupa. Wakati mmoja majoko ya namna hiyo yalikaribia 2,000 katika miji yote sita, na moshi wake ulifanya mchana uonekane kama magharibi. Leo hayafiki hata 50. Sheria ya hewa safi ya mwaka 1956 ndiyo iliyoyazima, gesi na umeme vikachukua nafasi ya makaa, na joko la mwisho la aina hiyo lilichomwa mwaka 1978 kwa ajili ya kumbukumbu tu. Mtu akiingia ndani ndipo anapotambua kwamba chupa inayoonekana nje si joko, bali ni dohani kubwa lililolizunguka joko lenyewe. Vyombo vilipangwa kwanza ndani ya masanduku ya udongo mgumu ili moshi na miali isiviguse, na masanduku hayo yakapandishwa moja juu ya jingine hadi karibu na dari. Waliofanya kazi hiyo walipanda ngazi wakiwa wamejitwika sanduku kichwani, na chini ya kofia waliweka duara la soksi kuukuu zilizosokotwa. Shangazi aliliona duara hilo na papo hapo akasema, "Si ngata hii? Bibi yako alibebea maji kwa ngata ya namna hii hii." Nilifurahi kwamba yeye ndiye aliyeiona kwanza.

Hapo Gladstone vilevile pana maelezo kuhusu vumbi, na sikutaka kuyapita haraka. Gumegume lililosagwa, ambalo lilitiwa katika udongo ili chombo kiwe cheupe, liliingia mapafuni mwa wafanyakazi na kuwaua polepole, na madini ya risasi yaliyokuwamo katika maji ya kung'arisha yaliwapa sumu waliokuwa wakichovya vyombo kutwa, wakiwamo wanawake na watoto. Tangu nijue hayo, kila ninaposikia mtu akiusifu mng'aro wa sahani ya wakati wa Malkia Victoria, huwakumbuka na wale waliouchovya. Kwa mkusanyaji ni jambo la manufaa pia, kwa maana vyombo vya zamani vyenye risasi havifai kutiliwa ndimu, siki wala achari.

Jambo jingine lililotushughulisha ni mifupa. Kauri ya Kiingereza iliyo nyembamba kuliko zote, ile ambayo ukiinua kikombe chake kwenye mwanga unaona kivuli cha vidole vyako upande wa pili, hutengenezwa kwa mchanganyiko ambao takribani nusu yake ni majivu ya mifupa ya ng'ombe, robo udongo mweupe, na robo jiwe la Cornwall. Kiwanda cha Bow, London, kilitumia majivu hayo tangu katikati ya karne ya 18, lakini ni mfinyanzi Spode, hapo Stoke, aliyeupatanisha mchanganyiko huo mwishoni mwa karne hiyo hata viwanda vingine vyote vikamfuata. Shangazi aliposikia alikirudisha kikombe mezani. Katika fiqhi ya Kishafii, ambayo ndiyo iliyoenea pwani kwetu, mfupa wa mnyama ambaye hakuchinjwa kisheria ni najisi, na wanazuoni wamekhitalifiana kuhusu hukumu ya majivu yake. Mimi binafsi vyombo vya aina hiyo huviweka kabatini kwa kutazamwa, na chai ninakunywa katika vikombe vingine.

Kiwanda cha Middleport, kule Burslem, ndicho ambacho ningemshauri kila mkusanyaji akifikie hata kama hatakwenda kwingine. Kilijengwa mwaka 1888 ukingoni mwa mfereji, na ndani yake kampuni ya Burleigh bado inapamba vyombo kwa karatasi ya shashi, kazi ambayo viwanda vingine viliiacha zamani. Nakshi huchongwa kwenye rola ya shaba, mistari ya kina kirefu ikishika rangi nyingi na ya kina kifupi ikishika kidogo, na kwa njia hiyo rangi moja tu ya buluu inatoa giza na mwanga. Rola hupashwa moto, hupakwa rangi iliyochanganywa na mafuta, na kuichapa kwenye karatasi nyembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Mama mmoja aliyekuwa mezani aliichukua karatasi ikiwa bado mbichi, akaikata kwa mkasi bila kupima, akailaza juu ya buli ambalo lilikuwa limechomwa mara moja na lilikuwa bado kavu lenye kunyonya, kisha akaisugua kwa brashi ngumu na sabuni laini kwa nguvu ambayo sikuitarajia katika mikono yake. Baadaye chombo hutiwa majini, karatasi hutoka, nakshi hubaki. Ndipo huchovywa na kurudishwa motoni.

Nilimwomba anionyeshe anavyounganisha mwanzo na mwisho wa ukanda wa maua unaozunguka mdomo wa chombo. Ukanda huo hauwi kamwe sawasawa na mzingo wa chombo, kwa hiyo lazima pawepo mahali pamoja ambapo mwanzo na mwisho wake hukutana, na hapo ua hukatwa, au jani hupanda juu ya jani. Alisema kwamba fundi mzuri huuficha mshono huo nyuma ya mkono wa buli au chini ya mdomo wake. Kwenye sahani hakuna pa kuuficha. Tangu siku hiyo sahani yoyote ya buluu inayonijia mikononi naizungusha polepole hadi niuone mshono wake, na ukikosekana kabisa, nakshi ikazunguka bila kukatika popote, huanza kushuku kwamba ilibandikwa kwa mtindo wa kisasa.

Hanley hatukukaa sana, ingawa makumbusho yake yana mkusanyo mkubwa wa ufinyanzi wa Staffordshire, jimbo lenye mji huu. Nilikwenda hasa kwa ajili ya bundi mmoja wa udongo wa zama za mwaka 1700, mwenye manyoya yaliyochorwa kwa uji wa udongo wa kahawia na wa rangi ya maziwa, ambaye kichwa chake hunyanyuliwa kikawa kikombe. Alijulikana mwaka 1990 pale mmiliki wake alipompeleka katika kipindi cha televisheni cha BBC kinachohusu vitu vya kale.

Barlaston, nje kidogo ya mji, ndiko kiwanda cha Wedgwood kilikohamia mwaka 1940, na ndiko uliko mkusanyo wa kampuni hiyo ambao nusura uuzwe vipande vipande ili kulipa deni la pensheni, hadi mwaka 2014 zilipochangwa pauni milioni 15.75, nyingine zikitoka mifukoni mwa watu wa kawaida. Vyombo vya buluu iliyopauka vyenye sanamu nyeupe, ambavyo watu wengi wakisikia jina la Wedgwood ndivyo wanavyovifikiria, vilijaa makabati. Sisi tulisimama mbele ya kitu kidogo kuliko vyote: medali ya mwaka 1787, ambayo ndani yake Mwafrika mweusi amepiga goti, mikono na miguu ikiwa minyororoni, na kumezungushwa maneno yanayouliza iwapo yeye si mtu na ndugu. Wedgwood alizitoa medali hizo kwa ajili ya harakati za kupinga biashara ya utumwa, na watu wakazivaa mapambo. Shangazi amezaliwa Unguja, umbali mfupi tu kutoka mahali palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, na hakusema neno kuhusu sanamu ya kituoni tena.

Pwani yetu imevijua vyombo vya mbali kwa karne nyingi. Mabakuli ya Kichina yalijengewa katika nguzo za makaburi ya Kunduchi na Mambrui, nyumba za mawe za Lamu zilikuwa na vidaka vya kupangia kauri, na katika karne ya 19 merikebu zilileta Zanzibar sahani za bei nafuu kutoka Staffordshire na kutoka Maastricht, Uholanzi. Ni sahani hizo zilizonitia katika mapenzi haya.

Tulimalizia katika ghala la wauza vitu vya kale. Bei za seti kubwa za mezani zimeshuka sana, kwa kuwa familia za leo hazina kabati wala nafasi ya kuziweka, na kwa mnunuzi mwenye subira huu ni wakati mzuri. Jozi za mbwa wa udongo wanaokaa juu ya meko zilikuwa nyingi; nilimwonyesha shangazi jinsi ya kuwageuza, kwani wa zamani walikandamizwa kwa mkono ndani ya kalibu na kwa kawaida wana tundu dogo tu la kupumulia motoni, ilhali walioigizwa mara nyingi wana tundu pana la kumwagia udongo wa majimaji. Neno "England" kwenye chapa huashiria kwamba chombo ni cha baada ya mwaka 1891, sheria ya forodha ya Marekani ilipoanza kutaka nchi itajwe, na "Made in England" huwa ni cha karne ya 20. Alama ya almasi ni ya kati ya 1842 na 1883, ingawa tarehe yake ni ya kusajiliwa kwa nakshi wala si ya kufinyangwa kwa chombo hicho.

Palikuwa na makombe mawili ya nakshi ya Asiatic Pheasants, ile ya ndege na maua ya buluu hafifu ambayo viwanda chungu nzima viliichapa katika karne ya 19. Moja lilikuwa na jina la kiwanda mashuhuri, ukanda wake umeungana vizuri. La pili halikuwa na jina lolote, na mahali pa mshono ua lilikatwa nusu likakutana na shina lisilo lake. Nililigonga kwa ukucha, likalia mlio mrefu usio na ufa. Mgongoni lilikuwa na vidonda vitatu vidogo vya vigingi lilivyokalia jokoni.

"Mwanangu, mbona unalichukua lenye kosa?" shangazi aliuliza.

Nikampeleka kidole chake juu ya ua lile lililokatika, nikamweleza kwamba hapo ndipo alipofika mkasi wa mtu mmoja, siku moja, katika chumba kama kile cha Middleport, na kwamba kombe lenye jina linaniambia nani alikuwa tajiri wa kiwanda, jambo ambalo vitabu vyote vinalo. Muuzaji alipunguza bei kidogo, akalifunga kwa magazeti, nami nikalisimamisha wima ndani ya mkoba kwa sababu sahani iliyolazwa huvunjika upesi kuliko iliyosimama. Safari inayofuata ni ya Worcester, ambako tangu mwaka 1751 walitia jiwe laini la sabuni katika udongo wao, mabuli yakaweza kupokea maji yanayochemka bila kupasuka. Shangazi anataka twende wakati wa majira ya kuchipua, kabla ya wageni wengi.