Siku ya kumwaga zege

Saa 10 alfajiri

Siku ya kumwaga zege huwa naamka kabla ya kengele. Nimewasha taa, nimechukua daftari na penseli, na hata uso sijanawa nimeanza kupiga upya hesabu ya roshani. Slabu, yaani bamba la zege la sakafu, ya unene wa milimita 150 ina uzito wa kilonewtoni 3.75 kwa mita ya mraba. Vigae na plasta, 1.25. Watu na vitu vyao, 4. Kwa ajili ya usalama, mzigo wa kudumu nauzidisha kwa 1.4, wa kuja na kuondoka kwa 1.6, napata 13.4. Roshani inatokeza mita moja na nusu nje ya bimu, haina nguzo upande wa pili. Jibu, yaani nguvu inayoipinda roshani pale iliposhikwa, ni kilonewtoni-mita 15 kwa kila mita ya upana.

Hesabu hii niliifanya miezi iliyopita, ikakaguliwa, michoro ikapitishwa. Nairudia kwa sababu Prof alisema usimwage zege ambalo hesabu yake huikumbuki. Ni zaidi ya miaka kumi tangu nitoke darasani kwake na sijathubutu kuvunja sheria hiyo.

Jina lake sitalitaja, wala chuo. Alitufundisha nadharia ya miundo. Somo lilikuwa kwa Kiingereza kama vyuo vyetu vyote, ila kalamu yake nyekundu iliandika Kiswahili. Ukiacha jibu "15" bila kizio, unakuta pembeni: "15 nini? Maembe?" Halafu sifuri. Hata kama namba yenyewe ni sahihi, sifuri. Mtihani wangu wa kwanza kwake nilipata 19 kwa 100. Nikafanya sapu, likizo nzima sikwenda nyumbani, na mama alidhani naumwa.

Saa 12 asubuhi

Basi la mwendokasi, Dar es Salaam, kutoka Kimara, nimesimama hadi kituo cha Morocco. Kutoka hapo kwa miguu hadi saiti, Kinondoni. Chai na chapati mbili kwa mama ntilie wa pale kwenye geti.

Saa 1 asubuhi

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Injinia. Nondo ziko tayari, panda ukaangalie."

Foromani wetu ana umri wa baba yangu na amesuka nondo tangu mimi sijaanza shule. Tunapanda pamoja. Natembea na futi mkononi, yeye na chaki. Nondo za chini sawa. Ringi za bimu, zile zinazozunguka nondo kubwa, sehemu mbili zimeachana mno karibu na nguzo. Ametia alama bila mimi kusema. Kwenye roshani nimepiga magoti kwenye kila moja, zote nne. Nondo za milimita 12, kila baada ya milimita 200, zote zikiwa juu, zimenyanyuliwa na viti vilivyokunjwa kwa nondo nyembamba. Kutoka juu ya ubao wa pembeni hadi kwenye nondo, milimita 25. Nimesaini fomu.

Saa 2 kasorobo

Lori la kwanza bado liko kwenye foleni. Nikamwita kijana wetu wa fildi, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, ana wiki tatu hapa. Jana nilimpa roshani hiyohiyo aipigie hesabu mwenyewe. Amekuja na kompyuta mpakato, picha nzuri ya rangi, bluu na nyekundu.

"Imetoka 3.8, Injinia."

"3.8 nini?"

Sikukusudia. Limetoka tu, na kwa sauti ileile. Nikashtuka mwenyewe.

"Kilonewtoni-mita."

"Mimi nina 15. Mmoja wetu kakosea mara nne. Ni nani?"

Akaangalia skrini muda mrefu. Wapo mafundi wawili waliokuwa wanasikiliza, kwa hiyo nikamshika bega tukasogea hadi kwenye ngazi. Nikampa penseli na kipande cha mfuko wa saruji. "Chora kwanza. Roshani imeshikwa wapi?" Akachora mstari, akaweka ukuta upande wa kushoto. Akataka kuweka kitu upande wa kulia, mkono ukasita hewani. Pale kulia hakuna kitu. Kuna Kinondoni tu.

Kumbe kwenye programu aliishika pande zote mbili, kama slabu ya kawaida kati ya bimu mbili. Hesabu inaanza sawa, ila kwa slabu ya hivyo mwishoni unagawa kwa 8. Kwa kantileva, iliyoshikwa upande mmoja tu, unagawa kwa 2. Ndiyo hiyo mara nne. Na si hilo tu: slabu iliyoshikwa pande zote inavutika chini, kwa hiyo programu ilimwekea nondo chini. Roshani inavutika juu. Ingejengwa kama alivyoichora, ingening'inia kwenye zege tupu, na zege halijui kuvutwa.

Programu haikukosea hata kidogo. Ilijibu swali aliloiuliza. Prof hakuchukia kompyuta, watu wanamsingizia. Alichotaka ni kwamba kabla hujaiwasha uwe umeshaandika kwenye karatasi jibu unalolitarajia.

Saa 3 asubuhi

Lori la kwanza, sawa. Pampu imeanza.

Lori la pili tumelirudisha. Koni ya chuma ya kupimia kama zege lina maji mengi mno ina kimo cha milimita 300. Unaijaza kwa tabaka tatu, kila tabaka unalidunga mara 25 kwa kipande cha nondo, unainyanyua taratibu, unapima zege limeshuka kiasi gani. Tulitaka lishuke milimita 75 au karibu na hapo, hili lilimwagika kama uji. Dereva kalia na jua, kalia na foleni. Namwamini kuhusu jua na foleni. Lakini mtu aliongeza maji njiani, na maji hayo yakishaingia hayatoki bila kuacha matundu.

Saa 5 asubuhi

Hapa ndipo ilipobaki kidogo siku iharibike.

Vijana wa bomba la pampu walikuwa wamefika upande wa mashariki, wanavuta, wanasukuma, vaibreta, mashine ya kutikisa zege lishikamane, inalia, kila mtu ana haraka kwa sababu ya lori lililorudishwa. Nikaona buti moja imesimama katikati ya roshani ya tatu, juu ya nondo. Kisha buti ya pili. Nikapiga kelele pampu izimwe.

Nimepima. Ile milimita 25 ilikuwa imekuwa 55. Viti vinne vimelala kabisa.

"Injinia, ni sentimita tatu tu," foromani akasema, kwa adabu. "Na lori linaganda."

Ni kweli ni sentimita tatu. Lakini nguvu ya slabu hiyo inapimwa kutoka katikati ya nondo hadi uso wa chini wa zege. Ilikuwa milimita 119, sasa 89. Robo ya nguvu imeondoka kwa kukanyagwa, na hakuna mchoro utakaoonyesha, na baada ya zege kufunika hakuna macho yatakayoona.

Prof alituonyesha hili kwa kipande cha godoro. Alikuja nacho darasani kwapani, godoro la sponji la kawaida, akalichora mistari ya wima ubavuni kwa kalamu ya wino mzito. Akaniita mbele nishike ncha moja kwa mikono miwili. Ncha nyingine ikainama yenyewe. Mistari juu ikaachana, chini ikabanana. "Umeona panapochanika?" Nikasema juu. "Basi weka chuma hapo. Na kishinde hapo hadi zege likauke." Nilishika lile godoro mpaka mikono ikatetemeka, hakuniambia niliachie.

Tumetumia dakika 25. Tumezivuta nondo juu kwa ndoano, tumeongeza viti maradufu, tumepitisha mbao za kukanyagia. Foromani mwenyewe alipiga magoti kufunga waya. Nilipopima mara ya mwisho akasema, "25," kabla yangu, akanionyesha futi.

Saa 8 mchana

Ubwabwa na maharage chini ya mwembe. Kijana hakula sana. Akaniuliza, ulifundishwa na nani?

Nikamweleza. Nikamweleza Ijumaa Kuu ya 2013, tarehe 29 Machi, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi lilipoporomoka na watu 36 wakafa. Kipindi cha kwanza baada ya Pasaka Prof aliingia, akafunga mlango, akagawa karatasi yenye nguzo moja tu. Tupige hesabu, dakika 40. Tulipomaliza akasema tusaini chini, jina kamili. Kisha akauliza nani yuko tayari mtoto wake alale chini ya nguzo aliyoisaini. Mikono mitatu ikanyanyuka. Wangu haukuwemo.

Alipenda pia kutusimulia habari za Hardy Cross, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Illinois, ambaye mwaka 1930 alichapisha makala ya kurasa kumi tu iliyowawezesha wahandisi kukokotoa fremu za nguzo na bimu zilizoungana imara kwa penseli na karatasi. Nathan Newmark alisoma kwake, na baadaye akashiriki usanifu wa Torre Latinoamericana ya Mexico City, iliyokamilika 1956 na kusimama katika tetemeko la 1957 na lile kubwa la 1985. Prof akifika hapo alinyamaza, akatutazama mmoja mmoja. Tuliona haya kutazamwa hivyo, sisi wa alama 19.

Lakini kuna jambo simkubalii hadi leo, na nilimwambia kijana hilo pia. Alimsimamisha mwenzetu mmoja ubaoni kipindi kizima kwa kosa la alama ya kutoa. Saa nzima, darasa linatazama. Muhula uliofuata mwenzetu hakurudi. Alikuwa na kichwa kuliko mimi, na namna yake ya kuuona muundo kabla ya hesabu sijaiona kwa mtu mwingine. Ukali juu ya kazi uliniokoa. Ule wa siku ile haukuwa juu ya kazi.

Saa 11 jioni

Zege limeisha. Tumejaza vibweta vya milimita 150 vya kupimia nguvu ya zege, baadhi vya kuvunjwa siku ya 7, vingine siku ya 28. Nimeandika tarehe na namba ya lori kwa mkono wangu. Slabu inafunikwa magunia, zamu ya kumwagilia imepangwa hadi wiki ijayo. Nimezunguka roshani zote nne kabla ya kushuka. Foromani alikuwa ameshatangulia, amesimama kwenye ile ya tatu.

"Huyo mwalimu wako bado yu hai?"

"Yupo. Amestaafu."

"Msalimie."

Saa 3 usiku

Nimeoga, miguu iko kwenye beseni la maji ya chumvi. Simu imelia. Kijana katuma picha ya karatasi: hesabu ya ngazi, ambayo sikumwagiza. Kaanza na mchoro. Kaonyesha imeshikwa wapi. Mizigo kaitenganisha vizuri, na kabla ya kuwasha programu kaandika jibu analolitarajia, kalizungushia duara. Nimeipitia mstari kwa mstari, mara mbili. Chini kabisa kaandika 11.2, basi.

Nimemjibu: "11.2 nini?"

Nikakaa na simu mkononi. Kisha nikaongeza: "Mengine yote yako sawa, mdogo wangu. Mchoro ni mzuri. Kesho uje nao saa 1."