Fundi, punguza saruji

Semina za kutafuta alama za taaluma nazijua vizuri. Ukumbi wa hoteli, kiyoyozi ambacho Iringa mwezi wa sita hakuna anayekihitaji, chai ya saa nne na sambusa, kisha mtu wa kampuni ya rangi anakuonyesha slaidi za rangi zake. Unasaini asubuhi, unasaini jioni. Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi inataka tuendelee kujisomea hata baada ya kusajiliwa, na hilo sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni na sambusa zenyewe, ambazo huwa za jana.

Safari hii somo lilikuwa ujenzi na ukarabati wa kuta za matofali na mawe. Asubuhi ukumbini, mchana ukutani. Mkufunzi alitoka Unguja, mtu mwembamba anayezungumza polepole, na swali lake la kwanza lilikuwa hili: kati ya tofali na kile kinacholiunganisha na jenzake, kipi kiwe na nguvu zaidi? Ukumbi mzima ukajibu kwa sauti moja kwamba kinachounganisha. Akatabasamu, akasema, "Basi nyinyi wote mnajenga kuta za kuliwa."

Kwa mtu wa Iringa hilo si jambo dogo, maana huku tunajengea matofali ya kuchoma. Teremka bondeni popote penye udongo wa mfinyanzi utaona matanuri yamepangwa, kuni zinasubiri. Moto wa kuni hauivishi tanuri lote sawasawa. Matofali ya ndani, karibu na midomo ya moto, yanaiva. Ya pembeni yanatoka nusu mbichi, laini, unaweza kuyakwangua kwa ukucha. Yote yanapanda fuso moja na kuuzwa bei moja. Sasa chukua tofali hilo laini, ulizungushie saruji kali, ya ndoo moja kwa tatu za mchanga. Mvua ikipiga, maji yanaingia kupitia vinyufa vidogo kati ya saruji na tofali. Wakati wa kutoka, saruji inayabania, kwa hiyo yanatokea kwenye uso wa tofali lenyewe. Yakikauka yanaacha chumvi, chumvi inavimba chini ya uso ule, uso unabanduka. Baada ya miaka unakuta viungo vya saruji vimechomoza nje na tofali limeingia ndani. Kuta za namna hiyo zimejaa mji huu, na wenye nyumba wanalaumu tofali.

Chokaa inafanya kinyume. Ni laini kuliko tofali, inapitisha unyevu, na jengo likicheza kidogo inavumilia. Kinacholiwa ni kiungo, na kiungo unakwangua na kujaza upya. Tofali la miaka mia moja ukishalipoteza umelipoteza.

Sehemu iliyonivutia zaidi ilikuwa kuzima chokaa. Jiwe la chokaa lililochomwa ukilitia majini, maji yanachemka yenyewe bila jiko. Mkufunzi alitusogeza nyuma na kuvaa miwani, maana likikurukia machoni ni hospitali. Kisha linachujwa, linalazwa chini ya maji wiki kadhaa, hata miezi. Kadiri linavyolala ndivyo linavyokuwa laini na kunata. Ukishajengea, halikauki tu kama matope. Linavuta hewa ya ukaa kidogo kidogo na kurudi kuwa jiwe. Kazi hiyo inataka muda na unyevu, ndiyo maana ukuta unafunikwa kwa magunia yaliyoloweshwa. Wapwani hawa wameishi na chokaa ya matumbawe karne nyingi. Sisi huku bara chokaa tunayoijua ni ya mfuko, ya kupaka miti shina na kuchora mistari ya uwanja wa mpira.

Mchana tulipita kwanza Boma la Iringa, jengo la enzi ya Mjerumani ambalo tangu 2016 ni makumbusho. Tulitazama tu, hatukugusa. Njiani mwenzetu mmoja alisema Wajerumani ndio walioleta ujenzi wa mawe hapa, na mkufunzi, ingawa mgeni, akamkatiza: na ngome ya Mkwawa pale Kalenga? Ukuta wake ulikuwa umeshasimama, na Wajerumani iliwabidi wauvamie kwa mizinga Oktoba 1894. Nilifurahi. Shuleni tulisoma vita, hakuna aliyetuambia kuhusu waashi.

Kazi yenyewe tulifanya kwenye ghala la zamani ambalo mwenyewe alikubali tulichokoe. Pale alikuwepo fundi mzee, Mhehe wa hapahapa, aliyekodiwa atuonyeshe mkono. Tulipofika kila mtu "Kamwene, kamwene", kisha nikamwamkia.

"Marahaba, injinia." (Mbunifu wa majengo huku ni injinia. Nimeacha kusahihisha.)

Nikamuuliza kwa nini viungo anakwangua kwa patasi na nyundo ndogo, asitumie grainda. "Grainda haijui pa kuishia, mwanangu. Inakula na tofali." Kina chake alikipima kwa jicho, karibu mara mbili ya upana wa kiungo, akalowesha, akasubiri maji yanywewe, ndipo akajaza. Kulowesha huko ndiko mafundi wengi wanakoruka. Tofali kavu linanyonya maji yote ya mchanganyiko, unabaki vumbi.

Tulijifunza pia kuusoma mchanganyiko wa zamani. Unasaga kipande, unakitia asidi, chokaa inayeyuka kwa mapovu, unabaki na mchanga. Mzee aliutazama ule mchanga kiganjani akasema ni wa Ruaha Ndogo, si wa korongoni. Mkufunzi alikuwa bado anatafuta chekeche.

Kuna mambo yalipitishwa harakaharaka, na moja lilistahili siku nzima: tetemeko. Nyanda za Juu Kusini tumekaa juu ya Bonde la Ufa. Desemba 13, 1910 upande wa Rukwa lilipiga la ukubwa wa 7.4, na kuta za tofali bila lenta, ule mkanda wa zege na nondo unaofunga kuta kwa juu, ndizo huwa za kwanza kuanguka. Kwenye jengo jipya jibu ni rahisi, funga lenta. Kwenye jengo la zamani, je? Ukiweka zege zito na nondo juu ya ukuta wa chokaa unaweza kuleta balaa lingine. Mkufunzi alitaja Acropolis, mahekalu ya kale ya Athens, ambako ukarabati wa mwanzoni mwa karne ya 20 ulifunga mawe kwa vyuma visivyokingwa; vikashika kutu, vikavimba, vikapasua marumaru. Wagiriki wa kale walikuwa wakivifunika vyuma vyao kwa madini ya risasi. Akataja na Beit el Ajaib, jumba la kale la kwao Unguja, iliyoporomoka sehemu Desemba 25, 2020 ikiwa kwenye matengenezo, watu wawili wakafa. Hapo hakutabasamu.

Lalamiko langu ni moja. Yule mzee alifanya kazi kuliko sisi sote, akatufundisha nusu ya somo, na jioni sisi tulipata vyeti, yeye akapata ujira wa siku. Mafundi wengine hawakualikwa kabisa. Mimi nikichora kiungo cha chokaa kwenye karatasi, anayekoroga ni kijana anayelipwa kwa idadi ya matofali, na saruji inamshikia kesho asubuhi. Kwa nini anisikilize? Alama zingetolewa kwa mbunifu aliyekuja na fundi wake tu, ukumbi ungekuwa nusu tupu, lakini kuta zingepona.

Nina kanisa la zamani huko Kilolo ambalo kamati inataka lipigwe lipu ya saruji nje, kisha vigae mpaka madirishani, lipendeze kwa jubilei. Nimewapelekea tofali lililobanduka na tofali zima, nikaviweka mezani. Mweka hazina aliuliza chokaa inachukua muda gani. Nilipomwambia, akauliza kama jubilei tunaweza kuisogeza. Mchungaji amesema hapana. Kwa hiyo tumekubaliana hivi: ukuta wa nyuma, unaopigwa sana na mvua, ni wangu na chokaa yangu, na yule mzee nimeshampigia simu. Wa mbele ni wao na vigae vyao, ila nimewabana wasipite usawa wa magoti.