Kama ya mashine

Jumanne alasiri supavaiza alisimama nyuma ya kiti changu, akachomoa sobagi mmoja, nzi bandia wa kuvulia samaki tunaomfunga kazini, kwenye kadi, akamgeuza kiganjani, akamrudisha. "Mama Shiru," akasema, "kazi yako siku hizi ni kama ya mashine."

Nikajibu, "Asante, bosi."

Ndiyo hayo tu. Wiki hii Shiru amepata barua ya chuo, shemeji hatimaye amepeleka mahari kule Murang'a, na paa la jikoni limeezekwa, lakini mimi nimeketi hapa usiku nikiandika kuhusu sentensi ya mtu aliyeenda zake bila kungoja jibu.

Nilipomweleza Baba Shiru, hakuona shida. "Si amekusifu? Mashine haikosei." Mama Kevo, yule wa dirishani mnayemjua kwa maneno yake, aliweka mkasi chini kabisa. "Huyo anakuandaa. Leo wewe ni mashine, kesho utaambiwa bei ya dazeni imeshuka." Tangu hapo nairudia ile sauti. Alilivuta neno "mashine"? Alitabasamu? Nikiwa kwenye matatu nasikia sifa. Nikifika kuosha vyombo nasikia dharau. Na ile "bosi" yangu ilitoka wapi, kwa kijana niliyemfundisha mimi mwenyewe kufunga fundo la kumalizia?

Halafu mashine gani hiyo? Nzi wote tunaopeleka ng'ambo hufungwa kwa mkono, mmoja mmoja, kwenye vaisi, kile kibano cha mezani, kwa uzi na macho ya mtu. Huyo sobagi aliyemgeuza anaenda Arkansas, Marekani, kwenye mto White River, chini ya bwawa la Bull Shoals, ambako samaki waitwao trauti hula sobagi wa kweli wanaotambaa kwenye mawe na majani ya mtoni. Ni ndugu wa wale wadudu wa kijivu unaowakuta ukiinua tofali lenye unyevu. Mwili wake ni bapa, umelala chini. Ndiyo maana tunamfunga kwenye ndoano iliyonyooka, waya mzito wa madini ya risasi pande mbili ili apanuke, manyoya ya kijivu juu yake, kisha tumbo linanyolewa na miguu inaachwa ubavuni. Ukimwacha awe duara, umefunga kitu kingine.

Alhamisi oda ya sobagi ikaisha, tukahamia skadi, nzi mwingine. Nikasahau hasira kwa muda, nakiri skadi ananipendeza. Skadi wa kweli ni jamaa ya kamba, wale wa baharini wanaoliwa, na amebanwa ubavu kwa ubavu badala ya kulazwa. Ndoano yake imepinda. Namba 14 ni starehe. 18 inataka taa mbili, maana namba ikipanda ndoano inapungua. Unazungusha waya wa risasi, unafunga utepe wa plastiki na waya mwembamba wa shaba nyuma, unasokota manyoya kwenye uzi, unajaza mwili. Utepe unavutwa juu ya mgongo uwe gamba, waya unafuata kwa nafasi sawa, na hapo ndipo pingili zinapotokea. Kadi moja tulitakiwa kuifunga rangi ya chungwa. Skadi akifa hugeuka rangi hiyo, na maji ya bwawa yakishuka wengi hukwama ufukweni wakafa. Yakipanda tena, huwasomba hadi kwa trauti waliokaa tayari.

Yule msichana mgeni alikuwa akinitazama. Skadi wake walikuwa safi mno, tumbo limelala kama limechanwa kwa kitana. Nikampa sindano.

"Vuta manyoya hapa chini, katikati ya waya na waya."

"Anti, si nitaharibu?"

"Vuta."

Akavuta kwa woga, kisha kwa nguvu. Miguu ikatoka, mingine mirefu, mingine mifupi, na kile kipande cha plastiki na manyoya kikawa mdudu. Akacheka kwa sauti hadi Mama Kevo akageuka. Nikamwambia urefu, pingili na kichwa lazima vilingane dazeni nzima, hapo usinitanie, lakini miguu ikilingana huyo ni skadi wa dukani. Nilijisikia nikisema hayo kwa sauti kubwa kidogo kuliko ilivyohitajika. Supavaiza alikuwa meza ya pili. Akisikia, sawa.

Kesho ningemwuliza ana kwa ana alimaanisha nini, ila sidhani nitapata nafasi, maana ng'ombe tangu jana hataki nyasi, na leo asubuhi maziwa hayakujaza hata jagi. Daktari wa mifugo tunayemzoea simu yake imezimwa. Baba Shiru anasema ni gesi tumboni. Mimi naona macho ya ng'ombe hayako sawa. Aliye na namba ya daktari mwingine upande huu, aniandikie usiku huu huu, nitakuwa macho.