Droni ya kujifurahisha Marekani: kanuni za chama ni lazima, kadi ya chama si lazima

Anayenunua droni yake ya kwanza Marekani hachelewi kuuliza: je, ni lazima nijiunge na chama cha warushaji droni? Jibu ni hapana. Shida ni kwamba wengi wakishaisikia hiyo hapana huacha kusoma, kumbe sheria bado inaendelea.

Sheria yenyewe ni kifungu cha 44809, kilichotokana na sheria ya FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, iliyotiwa saini Oktoba 2018. Kinamsamehe mtu anayerusha kwa kujifurahisha tu: hahitaji leseni ya rubani wa droni, mradi atimize masharti manane, yote kwa pamoja. Sharti la pili ndilo linaloleta ubishi. Linataka droni irushwe kwa kufuata mwongozo wa usalama wa chama cha warushaji, mwongozo ulioandaliwa kwa kushirikiana na FAA, au irushwe ndani ya programu za mwongozo huo. Vyama vya aina hii hujulikana kwa kifupi CBO. Sharti halitaji kadi, ada wala uanachama. Linadai ufuate.

Uvumi wa kwamba lazima ujiunge haukuzuka hivi hivi. Sheria ya mwaka 2012, katika kifungu cha 336, ilitaka mambo mawili: kufuata mwongozo wa usalama na pia kurusha ndani ya programu za chama cha kitaifa. Wengi waliisoma hiyo "na pia" kama amri ya kuwa mwanachama. Kifungu hicho kilifutwa mwaka 2018 na cha sasa kinasema "au". Ukikuta mtu anakunukulia 336, mwambie anasoma sheria iliyokwisha kuzikwa.

Kwa miaka kadhaa baada ya 2018 hapakuwa na chama hata kimoja kilichotambuliwa rasmi chini ya sheria mpya, kwa hiyo FAA iliruhusu watu wafuate kanuni zake za msingi au za vyama vilivyokuwapo. Waraka AC 91-57C wa mwaka 2022 ndio ulioweka utaratibu wa kutambua vyama. Miongoni mwa vilivyotambuliwa ni Academy of Model Aeronautics (AMA), FPV Freedom Coalition, Flite Test Community Association na STEM+C. Orodha iko kwenye tovuti ya FAA. Itazame hapo hapo, maana chama chochote kinaweza kujiita CBO, lakini cha kukulinda ni kile tu ambacho FAA imekitambua.

Sasa kufuata mwongozo ni kufanya nini hasa? Chagua mmoja. Pakua faili lake, lisome lote, na ulihifadhi kwenye simu ili lifunguke hata pasipo mtandao. Usichanganye: huwezi kuchukua kanuni ya usiku kutoka chama hiki na kanuni ya umbali na watu kutoka chama kile kwa sababu zimekufaa, kwani mchanganyiko huo haukuandikwa na chama chochote. Mkaguzi wa FAA au polisi akikuuliza unafuata mwongozo upi, uweze kuutaja na kueleza safari yako ya siku hiyo inalinganaje nao. Jibu la "nafuata kanuni za kawaida" halina maana yoyote kisheria.

Uchague kulingana na unachorusha. Mtu wa droni za mbio zenye miwani ya FPV, ile inayomwonyesha mrushaji picha ya kamera ya droni, atapata mengi yanayomhusu kwa FPV Freedom Coalition. Mwenye ndege za mabawa, helikopta na droni kwa pamoja huenda akafaidika zaidi na AMA, ambayo ni ya tangu 1936 na mwongozo wake umegusa karibu kila aina ya chombo. Mwongozo wa AMA, kwa mfano, unakataza kurusha ukiwa umelewa, na unakutaka uepuke kupita moja kwa moja juu ya watu wasio na kinga, magari yanayotembea na majengo yenye watu ndani. Mwenye droni mpya anayepiga picha za barabara kutoka juu anaweza kuivunja kanuni hiyo ndani ya dakika ya kwanza, akiwa hajui kwamba kwa kuivunja ametoka kwenye msamaha mzima.

Masharti mengine nitayapitia haraka, kwa kuwa yameelezwa vizuri kwingine. Droni uione kwa macho yako, au aione mwangalizi aliyesimama karibu nawe mkiwa mnazungumza moja kwa moja. Mvaa miwani ya FPV hana budi kuwa na mwangalizi. Ndege zenye watu uzipishe. Katika anga isiyodhibitiwa usipite futi 400 kutoka ardhini, na karibu na viwanja vya ndege vyenye anga iliyodhibitiwa upate ruhusa kwanza, kwa kawaida kupitia LAANC, mfumo wa kuombea ruhusa mtandaoni. Droni ya zaidi ya gramu 250 isajiliwe kwa dola 5, usajili unaodumu miaka 3, na namba ionekane kwa nje, si ndani ya kifuniko cha betri. Na ufanye TRUST, mtihani wa usalama kwa warushaji wa burudani. Huo ni bure, uko mtandaoni, na ukikosea swali unarudishwa hadi upate jibu sahihi, kwa hiyo hakuna anayefeli. Kinachowaponza watu ni cheti: msimamizi wa mtihani hakuwekei nakala, ukikipoteza unaufanya upya. Kipige picha na ukichapishe.

Lakini sharti linaloangusha wengi ni la kwanza: kujifurahisha tu. Watu hudhani kipimo ni pesa. Sivyo. Kumpigia rafiki picha za nyumba anayotaka kuiuza, kukagua paa, kurekodi mechi ya shule kwa ajili ya tovuti ya shule, hata kujitolea kuchunguza ufuo kwa ajili ya shirika la hisani, yote hayo si burudani machoni pa FAA, ulipwe usilipwe. Hapo mwongozo wa CBO haukusaidii kitu, hata ukiwa mwanachama wa miaka 20.

Ukikosa sharti moja kati ya yale manane, unahesabika kuwa chini ya kanuni za Part 107, ambazo zinadai leseni. Yaani kosa dogo la mwongozo linageuka kuwa kosa la kurusha bila leseni. Tangu sheria ya mwaka 2024, faini ya kiraia kwa mrushaji droni inaweza kufika dola 75,000 kwa kosa.

Wapo wanaoamua kuachana na habari za CBO kabisa na kuchukua leseni ya Part 107. Ni njia halali, na kwa anayepiga picha mara kwa mara naiona ni ya busara kuliko kuhangaika kujua kila safari ni burudani au kazi. Unatakiwa uwe na miaka 16, ufanye mtihani wa maswali 60 kwa ada ya dola 175 na upate angalau asilimia 70. Ila hesabu yake ina kasoro moja ambayo wauzaji hawaisemi. Droni ya chini ya gramu 250 inayorushwa kwa burudani chini ya 44809 haihitaji usajili wala Remote ID, yaani mfumo wa droni kujitambulisha kwa mawimbi ya redio ikiwa angani. Droni hiyo hiyo ukiirusha chini ya Part 107 inahitaji vyote viwili. Tena mtu wa burudani hutumia namba moja kwa droni zake zote, na kifaa kimoja cha Remote ID anaweza kukihamisha kutoka droni hadi droni. Wa Part 107 husajili kila droni peke yake.

Basi kadi ya chama ina faida gani? Ya kwanza ni uwanja. Klabu nyingi zilizo chini ya AMA zinadai kila anayerusha kwao awe mwanachama. Hiyo ni kanuni ya mwenye uwanja, si ya FAA, lakini lango ni lake. Viwanja vingi kati ya hivi vimetambuliwa kuwa FRIA, maeneo ambayo droni isiyo na Remote ID inaruhusiwa, mradi chombo na mrushaji wote wabaki ndani ya mipaka na chombo kionekane kwa macho. Ni CBO na taasisi za elimu pekee zinazoweza kuomba eneo la namna hiyo. Mtu aliyejiundia droni zake tano bila Remote ID ataona thamani ya kadi upesi.

Ya pili ni bima. AMA huwapa wanachama bima ya dhima ya hadi dola milioni 2.5, lakini soma masharti: huanza kulipa baada ya bima ya nyumba yako, na aliyevunja mwongozo wa usalama asiitegemee.

Kwa chombo chenye uzito wa zaidi ya paundi 55 mambo ni tofauti kabisa. Huko sheria inakutaka ufuate viwango vya CBO vilivyoidhinishwa na FAA, tena urushie kwenye uwanja maalumu. Kwa maandishi bado si uanachama, ila sijui utaupataje uwanja huo na ukaguzi wake bila kupitia kwa chama. Mwenye droni ya kamera ya gramu 249 anayerusha bustanini Jumapili hahitaji lolote kati ya hayo: mwongozo mmoja kwenye simu na cheti cha TRUST vinamtosha, akishahakikisha kwamba mwenye bustani hakukataza kurushia hapo.