Salio la Paa

Mwezi wa Mfunguo Sita unapoingia, Lamu hujaa wageni wa Maulidi ya Msikiti wa Riyadha, na miongoni mwao wamo wenyeji waliohamia Mombasa na ng'ambo, ambao hurudi wakiwa wepesi wa kutoa. Kamati nyingi za mjini huyatayarisha maombi yao mapema. Mimi nilikuwa katibu wa bweni la wanafunzi wanaotoka Faza, Kizingitini na Ndau, na mwaka huo mwenyekiti wetu alikuwa ameandika ombi la fedha za kujenga orofa ya pili, akikusudia kumkabidhi mfanyabiashara mmoja mzee, mzaliwa wa mtaa wa Mkomani papo hapo Lamu, ambaye tayari alikuwa amegharamia ukarabati wa paa letu la boriti na chokaa.

Nilimsihi mwenyekiti asiitoe bahasha ile. Niliamini, na ningali naamini, kwamba mtu aliyetoa mara moja bado anangoja kujua fedha yake ya kwanza ilifikia wapi, na kwamba kumwomba tena kabla hajajua ni kumvunjia heshima. Barua nilizokuwa nikimwandikia tangu kazi ianze hazikuwa na ombi lolote. Nilimweleza boriti zilikatwa wapi, fundi alikuwa nani, na mvua za masika zilipoanza nikamwarifu kwamba vyumba vilikuwa vikavu. Baadhi ya wanakamati waliona kwamba ninapoteza nafasi.

Mzee alifika baada ya sala ya alasiri, akaketi dakani, akaletewa kahawa na halua. Baada ya kuulizana hali za jamaa, hao wa Lamu na hao wa Mombasa, jambo ambalo halikuharakishwa na mtu yeyote, alisema, "Mwanangu, hebu nilitazame daftari."

Nikamfungulia. Kazi ilikuwa imegharimu pungufu ya makadirio, kwa kuwa boriti nyingi za zamani zilikutwa zingali nzima, na salio lilikuwa benki.

"Mbona hamkulitumia? Nyumba yenye watoto haikosi haja."

"Ulitoa kwa ajili ya paa, mzee. Hatukuona haki kuligeuza bila idhini yako."

Alinyamaza kwa muda, kisha akatusimulia habari za shamba la minazi ambalo babu yake aliliweka wakfu kwa ajili ya msikiti, na jinsi wasimamizi waliokuja baadaye walivyolipeleka pato lake kwingine, hata warithi wakakata tamaa ya kutoa. Hapo ndipo nilipofahamu kwa nini alitaka daftari kabla ya maneno mengine. Kwa karne nyingi misikiti, visima na madrasa za mwambao zimetunzwa kwa mashamba na nyumba za wakfu, na wanavyuoni wameshikilia kwamba sharti la mwenye kuweka wakfu lifuatwe. Mtu aliyelelewa katika desturi hiyo humpima anayeziomba fedha zake kwa jinsi anavyolichunga sharti, hata pale ambapo hakuna hati ya wakfu iliyoandikwa.

Tukapanda darini. Alizungumza na wanafunzi kwa kirefu kuliko alivyozungumza nasi, akawauliza wanasoma wapi na wanalala wangapi chumba kimoja. Mwenyekiti alinitazama, bahasha ikiwa mfukoni mwa kanzu, nami nikatikisa kichwa. Alipokuwa akiondoka mzee alituruhusu tununue magodoro kwa lile salio, na habari ya orofa haikutajwa na mtu.

Barua yake ilikuja baada ya miezi kadhaa. Alikuwa hajasahau idadi ya watoto katika vile vyumba, akauliza kuongeza orofa kungegharimu kiasi gani. Tulimpelekea makadirio ya fundi pamoja na gharama za kuitunza nyumba baada ya kujengwa, kwani nyumba ya chokaa isiyotunzwa huharibika haraka. Alilipa kwa awamu, kila awamu ikifuata taarifa ya iliyotangulia, akakataa jina lake kuandikwa ukutani, na akaagiza nakala za barua zangu zipelekwe kwa binti yake. Mzee ameshafariki, Mungu amrehemu. Binti yake ndiye anayegharamia ukarabati sasa, na akiniandikia hutaka kwanza kujua watoto wamefaulu vipi mitihani.