Mstari uliopanda kioo kwa sekunde 17

Kazi yangu ni kuandika manukuu ya video, kwa hiyo kutwa nzima narudiarudia vipande vya sekunde chache mpaka macho yanawasha. Wiki iliyopita nilipata kipande ambacho kamera inapita kando ya uzio wa miti. Kila mti ulikuwa umekatika katikati: nusu ya juu imebaki nyuma, nusu ya chini imeshatangulia, utadhani mtu kabandika karatasi mbili bila kuzilinganisha.

Natumia Linux, na kama kawaida yangu nikamlaumu draiva, programu inayoendesha kadi ya picha. Nikasasisha keneli (kiini cha mfumo), nikasasisha Mesa (maktaba ya michoro), nikazima mashine na kuiwasha. Wapi! Saa nzima imeliwa na uzio uko vilevile. Ndipo nikakumbuka kwamba miezi kadhaa nyuma nilizima kompozita ya Xfce, yaani sehemu ya eneo-kazi langu inayokusanya madirisha yote na kuyatoa kama picha moja, ili betri idumu kidogo. Mchawi ni mimi mwenyewe. Kwenye X, mfumo wa Linux wa kuonyesha madirisha, kompozita ikizimwa, dirisha linaweza kuchorwa upya wakati wowote, hata monita ikiwa imechora nusu ya kioo, na hapo unaona fremu mbili, yaani picha mbili zinazofuatana, kwa mpigo. Nikairudisha:

xfconf-query -c xfwm4 -p /general/use_compositing -s true

Kioo cha laptopu kikatulia papo hapo. Monita ya nje, ambayo ndiyo ninayofanyia kazi, ikakataa.

Ila mstari wa ule mkato ulikuwa umebadilika tabia. Mwanzoni ulirukaruka ovyo. Sasa ulianzia chini, ukapanda taratibu kama sisimizi ukutani, ukapotelea juu, kisha ukaibuka tena chini. Nikaacha kipande kijirudie na nikashika saa. Sekunde 17. Nikarudia, 17. Mara ya tatu 16 na ushei.

Kitu chenye mpangilio namna ile hakiji chenyewe. Nikaandika xrandr, amri ya kupanga vioo, kwenye terminali na kuangalia namba zenye nyota: kila kioo kinachorwa upya mara ngapi kwa sekunde. Laptopu: 60.00. Monita ya nje: 59.94. Tofauti ni 0.06, na ukigawa 1 kwa 0.06 unapata 16.7. Nilicheka peke yangu. Kompozita ilikuwa inafuata mapigo ya laptopu tu, na monita ya nje inabaki nyuma kidogo sana katika kila mzunguko. Kwa hiyo kila fremu mpya inapofika, inaikuta monita ya nje mahali pa juu zaidi kidogo kuliko mara iliyopita, mpaka baada ya kama sekunde 17 zinakutana tena.

Basi nikajiona fundi, nikailazimisha monita ya nje nayo iende 60:

xrandr --output HDMI-A-0 --mode 1920x1080 --rate 60

Ikawa balaa zaidi. Saa za vioo viwili hazilingani kabisa hata namba zikifanana, kwa hiyo mstari haukuondoka. Ulipunguza mwendo tu hadi ukaonekana umeganda. Na uliganda wapi? Usawa wa macho ya mzungumzaji. Kila akitikisa kichwa, paji la uso linabaki nyuma.

Dawa ilikuwa kwa draiva yuleyule niliyemtukana asubuhi. Kadi yangu inatumia draiva ya amdgpu ya X, na yenyewe ina TearFree, ambayo inaandaa fremu nzima pembeni kwa kila kioo na kuibadilisha pale tu kioo hicho kinapomaliza mzunguko wake. Ukiandika xrandr --prop utaiona imekaa kwenye auto. Nikaiwasha bila hata kutoka kwenye kikao:

xrandr --output HDMI-A-0 --set TearFree on

Uzio ukanyooka. Ili isipotee nikiwasha mashine upya, nikaweka faili 20-amdgpu.conf ndani ya /etc/X11/xorg.conf.d:

Section "Device"
  Identifier "kadi"
  Driver "amdgpu"
  Option "TearFree" "true"
EndSection

Gharama yake ni kumbukumbu kidogo ya kadi na ucheleweshaji wa fremu moja hivi, yaani milisekunde 16.7. Mcheza gemu anaweza kunung'unika. Mimi wa manukuu sioni kitu. Draiva ya zamani ya Intel ina chaguo la jina hilohilo, na wa NVIDIA hutafuta ForceFullCompositionPipeline.

Najua kuna atakayeniambia nihamie Wayland, mfumo mpya unaochukua nafasi ya X, yaishe. Huko kweli kila kioo huenda kwa mapigo yake. Lakini njia zangu zote za mkato za kazi zimejengwa juu ya xdotool, programu ya X inayobonyeza vitufe kwa niaba yangu, na kuziandika upya katikati ya kazi ya watu siwezi. Monita ya nje nimeirudisha kwenye 59.94, na kile kipande cha uzio nimekihifadhi kwenye folda ya majaribio.